Ujumbe Unaokinga na Ujumbe Unaoanika: Simu ya Kijana katika Kinga dhidi ya VVU

Walengwa wa somo: vijana, wazazi na walezi, na kila mtumiaji wa huduma za simu.

Baada ya kulisoma somo hili, mtumiaji ataweza:

1. kueleza namna ujumbe mfupi wa simu unavyosaidia kuzuia maambukizi ya VVU, na mahali unapokomea;
2. kuulinda usiri wa taarifa zake za afya katika simu;
3. kuutambua ujumbe wa uongo na kujua pa kuuripoti;
4. kuzitumia haki zake kisheria pale anapoudhiwa au kudhuriwa kwa njia ya ujumbe.

Utangulizi

Tuanze na hesabu ya saa. Tuchukulie kwamba binti wa miaka 19, mkazi wa Sanya Juu wilayani Siha, amekutana kimwili na mtu asiyeijua hali yake ya VVU, na kondomu imepasuka. Ni Ijumaa, saa 3 usiku. Hathubutu kumwambia mama yake. Anamwandikia rafiki yake aliye Moshi mjini, naye rafiki, kwa nia njema kabisa, anamjibu: "Tulia, subiri miezi mitatu ndipo upime."

Jibu hilo lina chembe ya ukweli. Kipimo hakiwezi kuyaonyesha maambukizi mapya siku ileile, na ni kweli kwamba mtu hutakiwa kurudia kupima baada ya miezi 3. Lakini rafiki ameliacha jambo kubwa. Zipo dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio la hatari, zijulikanazo vituoni kwa jina la PEP. Dawa hizo humezwa kwa siku 28, na sharti zianze ndani ya saa 72. Kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Kwa binti huyu, mlango unafungwa Jumatatu saa 3 usiku. Ujumbe wa maneno sita, usiogharimu hata shilingi kwa mwenye kifurushi, waweza kumfanya aketi nyumbani hadi mlango ujifunge.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini unaonyesha kwa nini kijitabu cha watumiaji wa mawasiliano kinazungumzia VVU. Kijana wa leo huuliza kwanza katika simu yake, kabla ya kumwuliza mzazi, mwalimu au mganga wa kituo. Ubora wa jibu analolipata humo, na usiri wa swali aliloliuliza, ni masuala ya mtumiaji sawa na bei ya kifurushi au nguvu ya mtandao.

Jambo lenyewe bado ni zito. Utafiti wa kitaifa wa viashiria na matokeo ya UKIMWI wa mwaka 2022–2023 ulionyesha kwamba asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU: asilimia 5.6 kwa wanawake na asilimia 3.0 kwa wanaume. Tangu wagonjwa wa kwanza watambuliwe mkoani Kagera mwaka 1983, nchi imepiga hatua ndefu, na dawa za kufubaza virusi hutolewa bila malipo. Hata hivyo dawa hizo humfaa anayejua hali yake, na kinga humfaa anayezijua njia zake kwa wakati.

1. Kwa nini ujumbe mfupi?

Ujumbe mfupi wa kawaida hubeba herufi 160, na huo ndio uchache wake. Nguvu zake ni nyingi zaidi. Hauhitaji simu janja. Unaingia hata katika simu ndogo ya batani. Hauhitaji intaneti. Simu ikiwa imezimwa au ipo mahali pasipo na mtandao, kama inavyotokea katika baadhi ya mabonde ya miteremko ya Kilimanjaro, ujumbe husubiri katika mitambo ya kampuni na kumfikia mhusika simu yake inaponasa mtandao, mradi muda wa kuuhifadhi haujapita. Tena husomwa kimya kimya. Kijana anayeona haya kutamka neno "kondomu" mbele ya mhudumu wa duka la dawa anaweza kulisoma akiwa peke yake.

Kwa sababu hizo, wataalamu wa afya wa Afrika Mashariki walianza kuutumia mapema. Yafaa tuangalie walichojifunza, maana si kila jaribio lilifaulu.

2. Yaliyojaribiwa katika nchi zetu

*Mbarara, Uganda.* Mwaka 2008 wateja 15,000 wa kampuni moja ya simu walitumiwa maswali ya chemsha bongo kuhusu VVU, kila swali likiwa na majibu ya kuchagua, pamoja na mwaliko wa kwenda kupima bila malipo. Sehemu ndogo tu ya wateja hao ndiyo iliyojibu. Hata hivyo waandaaji walipata njia ya kuwaalika watu wengi kwa mara moja, na maswali yaliwaonyesha ni mambo gani wananchi walikuwa hawayajui.

*Kenya: "Mambo?"* Jaribio lililojulikana zaidi lilifanyika katika kliniki tatu nchini Kenya, na matokeo yake yakachapishwa mwezi Novemba 2010. Watu 538 walioanza dawa za kufubaza virusi waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Watu 273 walipokea kila juma ujumbe wa neno moja: "Mambo?" Mpokeaji alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu "Shida", na yule aliyekaa kimya, alipigiwa simu na muuguzi. Watu 265 wa kundi la pili waliendelea na huduma ya kawaida. Hatimaye waliotumia dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 katika kundi la ujumbe na asilimia 50 katika kundi la pili. Waliofubaza virusi vyao walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa hapa. Kwanza, ujumbe ule haukutaja VVU, dawa wala kliniki. Mtu yeyote ambaye angeuona katika simu angedhani ni salamu ya rafiki. Pili, nyuma ya neno "Mambo?" palikuwa na muuguzi mwenye kusikiliza. Ujumbe ulikuwa kama hodi mlangoni, na mwenye kubisha hodi alikuwa mtu.

*Chulaimbo, magharibi mwa Kenya.* Utafiti wa mwaka 2011 ulilinganisha ujumbe wa kila siku na ujumbe wa kila juma. Waliokumbushwa kila juma walifanya vyema: asilimia 53 walitumia angalau asilimia 90 ya dawa zao katika kipindi cha majuma 48, wakati waliokuwa hawakumbushwi walikuwa asilimia 40. Ujumbe wa kila siku haukuleta nafuu hiyo. Mtu anayekumbushwa kila siku huuzoea ukumbusho, au huuchukia.

*Tanzania.* Mwaka 2010 huduma ya m4RH ilianzishwa Kenya na Tanzania. Mtumiaji alituma neno kwenda namba fupi, akapokea orodha ya mada, kisha akachagua kujifunza kuhusu njia mbalimbali za uzazi wa mpango, kondomu ikiwamo. Mwaka 2012 ikafuata kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyowatumia wajawazito na wenzi wao ujumbe bila malipo, ukiwemo wa kuwahimiza kupima VVU ili kumkinga mtoto. Jarida la Fema, ambalo vijana wa shule za sekondari wamelisoma tangu mwaka 1999, nalo limekuwa likipokea maswali na maoni ya wasomaji wake kwa ujumbe mfupi.

*Kilimanjaro.* Mkoa wetu haukubaki nyuma. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kitabibu Kilimanjaro, iliyo pamoja na Hospitali ya KCMC mjini Moshi, waliwagawa watu wazima wanaoishi na VVU katika makundi matatu: wapo waliokumbushwa kwa ujumbe, wapo waliopewa kikasha cha dawa kinachotoa taarifa kila kinapofunguliwa, na wapo walioendelea na huduma ya kawaida. Vifaa vilikubalika na vilitumika, lakini havikuongeza kwa kiwango cha kuridhisha utumiaji wa dawa kuliko huduma ya kawaida. Hali kadhalika mjini Moshi umekuwapo mpango wa Sauti ya Vijana, ambao nguvu yake haimo katika simu: vijana wanaoishi na VVU hukutana ana kwa ana katika vikundi, wakiongozwa na vijana wenzao waliofunzwa.

Huenda msomaji akauliza: mengi ya majaribio haya yalihusu tiba, je, kinga iko wapi? Jibu ni kwamba tiba ni sehemu ya kinga. Mtu anayetumia dawa ipasavyo, hadi virusi vikapungua kiasi cha kutoonekana katika kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono. Kila "Shida" iliyopata muuguzi wa kuipokea ilimsaidia mgonjwa, na pia mtu mwingine ambaye hakuwahi kuambukizwa.

3. Mahali ambapo ujumbe hukomea

Huduma ya m4RH ilipochunguzwa nchini Kenya kwa kulinganisha makundi mawili, ilibainika kwamba waliopata maelezo kamili waliongeza ujuzi, lakini matumizi yao ya njia za uzazi wa mpango hayakubadilika. Funzo hilo ni la kuheshimiwa. Kujua ni jambo moja. Kuwa na nauli ya kufika kituoni, kuwa na ujasiri wa kumwambia mwenzi "tukapime kwanza", au kuwa na uhuru wa kukataa, ni mambo mengine. Binti anayetegemea fedha za mwanamume mwenye umri wa baba yake haokolewi na herufi 160.

Kwa hiyo ujumbe mwema ni ule unaokuelekeza mahali. Kwa mkazi wa Siha, mahali hapo ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali. Hospitali ya Kibong'oto, iliyoanza mwaka 1926 kuwahudumia wagonjwa wa kifua kikuu na sasa ni hospitali maalumu ya magonjwa ambukizi, ipo jirani na Sanya Juu. Hilo si jambo dogo, kwa kuwa kifua kikuu na VVU huandamana mara nyingi.

Kumbuka pia sheria. Tangu mabadiliko ya mwaka 2019 ya Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008, kijana mwenye umri wa miaka 15 anaweza kupima VVU bila kuhitaji ridhaa ya mzazi. Kabla ya hapo umri ulikuwa miaka 18. Mabadiliko hayo yaliruhusu pia mtu kujipima mwenyewe. Lakini kipimo cha kujipima kikionyesha maambukizi, sharti kithibitishwe kituoni.

4. Usiri: simu ni ya nani?

Sehemu hii ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa. Katika kaya nyingi simu haina mwenye mmoja. Mdogo wake anaichukua kucheza mchezo, bibi anaiazima kupokea fedha kutoka kwa mjomba aliye Dar es Salaam, jirani anaitumia kama tochi. Simu hupelekwa kuchajiwa dukani, hupelekwa kwa fundi na kulala huko. Laini nayo, kwa kijana aliye chini ya miaka 18, aghalabu imesajiliwa kupitia mzazi au mlezi.

Linganisha jumbe hizi mbili:

*Ujumbe wa kwanza:* "Unakumbushwa kufika CTC Jumanne kuchukua ARV zako."

*Ujumbe wa pili:* "Habari. Tunakukumbusha miadi yako ya Jumanne saa 3 asubuhi. Ukitaka kubadili siku, jibu ujumbe huu."

Habari ni ileile. Lakini ujumbe wa kwanza, ukisomwa na mtu mwingine juu ya kioo cha simu iliyolala mezani, umeianika siri nzima ya mtu, maana hakuna asiyejua maana ya CTC. Ujumbe wa pili unaweza kuwa wa daktari wa meno. Mtumiaji ana haki ya kudai ujumbe wa aina ya pili.

Kabla ya kuiandikisha namba yako katika huduma yoyote ya ujumbe wa afya, uliza:

- Ujumbe utaandikwa kwa maneno gani, na utatumwa saa ngapi?
- Mtumaji ataonekana kwa jina gani katika simu yangu?
- Nani mwingine ataiona namba yangu na majibu yangu?
- Nikitaka kujitoa, nifanyeje?
- Je, natozwa fedha ninapopokea au ninapojibu?

Baada ya kujiandikisha, fanya yafuatayo:

- Weka namba ya siri katika simu, na uzuie maneno ya ujumbe yasionekane kioo kinapokuwa kimefungwa.
- Futa ujumbe nyeti baada ya kuuelewa. Kama kuna tarehe ya miadi, iandike mahali pengine kwa alama uijuayo wewe.
- Ukibadili laini, itaarifu huduma ile siku hiyohiyo. Laini iliyoachwa bila kutumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake huweza kupewa mteja mwingine. Ujumbe wako wa miadi usiende kwa mtu usiyemjua.
- Kabla ya kuuza simu au kumpa fundi, toa laini, na ikiwezekana futa kila kilichomo.
- Piga *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoitambua, iripoti kwa kampuni husika.

Katika makundi ya WhatsApp tahadhari iwe kubwa zaidi. Swali uliloliuliza katika kundi la watu 200 limekwisha kusomwa na watu 200, na yeyote anaweza kulipiga picha na kulipeleka kwingine. Kulifuta baadaye hakurudishi kitu.

5. Kuutambua ujumbe wa uongo

Watumiaji wengi wanaujua utapeli wa "Ile hela tuma kwenye namba hii". Utapeli wa afya hufuata njia ileile, ila hutumia hofu badala ya tamaa. Mtu hutumiwa ujumbe kwamba "majibu yake" yapo na alipie ndipo ayapate. Au kwamba ipo dawa ya mitishamba inayomaliza VVU kwa siku 21. Au kwamba jina lake limo katika orodha ya walioambukizwa na litatangazwa asipotuma fedha.

Uchunguze ujumbe kwa maswali manne:

*Unaahidi kuponya?* Mpaka sasa hakuna dawa inayopatikana vituoni inayouondoa VVU kabisa mwilini. Zilizopo hufubaza virusi, na hufanya kazi hiyo vizuri sana. Sisi wa kanda ya kaskazini tunakumbuka mwaka 2011, maelfu ya watu walipofunga safari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kwa tumaini la kupona. Tumaini si kosa. Hatari huja pale mtu anapoacha dawa zake kwa sababu ya habari aliyoipokea.

*Unadai fedha au namba ya siri?* Kituo halali hakitoi majibu ya VVU kwa ujumbe wa kulipia, wala hakihitaji namba yako ya siri ya benki ya simu.

*Unaharakisha?* "Tuma sasa hivi" ni lugha ya tapeli. Jambo la afya lenye haraka ya kweli, kama zile saa 72, hukuelekeza kituoni; halikuelekezi kutuma fedha.

*Unaweza kuthibitishwa?* Piga 199, huduma ya simu ya Wizara ya Afya, au mwulize mhudumu wa kituo. Mtoto au anayemjali mtoto aliyedhulumiwa apige 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto.

Ukiupokea ujumbe wa utapeli, usijibizane na mtumaji. Usambaze kwenda 15040 bila kuubadili. Utapokea maelekezo ya kuituma namba ya tapeli. Huduma hiyo husaidia kufungiwa kwa laini zinazotumika vibaya.

6. Haki zako na njia ya kulalamika

Sheria za nchi zinamlinda mtumiaji katika pande kadhaa.

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka matokeo ya kipimo cha VVU yawe siri. Mhudumu hana ruhusa ya kuyatangaza katika ujumbe wa kundi wala kwa jirani.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Anayezikusanya hana budi kuwa na ridhaa yako au sababu nyingine inayotambuliwa na sheria, na kuzitumia kwa lengo alilokueleza. Namba uliyoiacha kwa ajili ya ukumbusho wa miadi isitumike kukutangazia bidhaa. Ukiona taarifa zako zimetumiwa vibaya, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza taarifa za uongo na kumnyanyasa mtu kwa njia ya mtandao. Anayekutisha kwamba ataitangaza hali yako asipolipwa, anatenda kosa la jinai. Usilipe; hifadhi ujumbe na uende polisi.

Kama shauri lako ni la huduma ya simu yenyewe, kwa mfano umeungwa katika huduma ya "dondoo za afya" usiyoiomba na salio linakatwa kila siku, fuata hatua hizi:

1. Usiufute ujumbe. Andika tarehe, namba fupi iliyoutuma na kiasi kilichokatwa.
2. Lalamika kwanza kwa kampuni yako ya simu, na uombe namba ya kumbukumbu ya lalamiko.
3. Usiporidhika na jibu, au ukikosa jibu, wasilisha lalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kwa wakazi wa Kilimanjaro, ofisi ya Kanda ya Kaskazini ipo Arusha. Ambatisha namba ile ya kumbukumbu.

Ikiwa lalamiko linataja hali yako ya afya, una haki ya kuomba lishughulikiwe kwa siri. Mara nyingi huna haja hata ya kuitaja. Inatosha kueleza ni namba gani iliyotuma ujumbe na madhara gani yametokea.

7. Neno kwa wazazi na walezi

Mzazi akiukuta ujumbe wa kondomu au wa kupima VVU katika simu ya mwanawe, moyo hushtuka. Wengine huinyang'anya simu. Tendo hilo halimwondolei kijana hatari. Humwondolea njia ya kuuliza. Kijana anayeuliza ameanza kujilinda.

Zungumza naye kwa utulivu. Yatosha kuanza hivi: "Mwanangu, nimeona ujumbe katika simu yako. Sikugombezi. Kama una jambo linalokutatiza, niambie. Na kama unaona vigumu kuniambia mimi, nenda kwa shangazi au kwa nesi, nitakupa nauli." Kijana atakayeisikia kauli hiyo mara moja, ataikumbuka usiku wa Ijumaa atakapoihitaji.

Ya kukumbuka

- Tukio la hatari likitokea, nenda kituoni ndani ya saa 72. Usisubiri jibu la mtandaoni.
- Ujumbe mwema hautaji siri yako na hukuelekeza kwa mtu.
- Uliza kuhusu maneno ya ujumbe kabla ya kuitoa namba yako.
- Ukibadili laini, toa taarifa.
- Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini ujumbe wa "Mambo?" ulilinda usiri wa wapokeaji kuliko ujumbe unaotaja dawa?
2. Kijana wa miaka 16 anataka kupima VVU. Je, analazimika kuja na mzazi?
3. Umepokea ujumbe unaosema: "Majibu yako ya kipimo yapo tayari, lipia uyapate." Taja mambo mawili utakayoyafanya na moja ambalo hutalifanya.
4. Umeuza simu yako na kununua laini mpya. Ni nani unapaswa kumtaarifu, na kwa nini?
5. Rejea mfano wa utangulizi. Wewe ndiye rafiki aliye Moshi mjini, nawe umeupokea ujumbe ule Ijumaa usiku. Andika jibu utakalomtumia, lisizidi herufi 160.

*Jibu mojawapo la swali la 5:* "Pole. Kesho asubuhi nenda kituo cha afya uwaeleze. Kuna dawa ya kuzuia, ila ianze ndani ya saa 72. Nitakuja twende wote. Ukisoma hii, futa."